Barabara moja, utailipia mara ngapi? Hesabu kutoka Salgaa

Hujawahi kulala Salgaa? Basi hebu nikupeleke. Ni saa tatu usiku, baridi imeanza kuuma, na trela zimepangana kando ya barabara kuu ya Nakuru–Eldoret utadhani ni treni iliyoacha reli. Nambari za usajili ni za Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini, Congo. Madereva wanashuka, wanajinyoosha, wanatafuta chai, ugali matumbo na kitanda. Mji mzima unakula kutokana na barabara hii. Barabara ikilala, Salgaa inalala njaa.

Shangazi yangu ana hoteli hapa. Nikisema hoteli usifikirie lifti na kapeti. Ni mabati, benchi nne, jiko la makaa na sufuria ya chai ambayo sijawahi kuiona ikiwa tupu. Mimi naishi Nakuru mjini, lakini tangu niache chuo, na nitakuambia kwa nini, wikendi huwa napanda matatu kuja kumsaidia.

Jumamosi moja dereva mmoja mzee alimaliza chai yake, akauliza bei. Shangazi akamwambia thelathini.

"Mama, si ilikuwa ishirini?"

"Baba, sukari imepanda, maziwa yamepanda, na yule wa leseni alipita juzi."

Mzee akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Hata mimi ni hivyo hivyo kwa mafuta. Sasa wanasema hii barabara wakishaipanua, tutakuwa tunailipia tukipita. Kwani huwa sililipi nikijaza tanki?"

Shangazi akanigeukia. "Wewe ndiye ulienda chuo. Mjibu mzee."

Manze, sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta, na hii ndiyo hesabu niliyorudi nayo. Keti tuipige pamoja, kwa sababu hata kama hujawahi kukanyaga Salgaa, pesa zako zimeshafika huku.

Ndani ya lita moja

Mwishoni mwa 2025, lita moja ya petroli Nairobi ilikuwa karibu Sh184. Tuipasue tuone kilichomo. Ushuru wa bidhaa ni Sh21.95. Ada ya ustawishaji wa petroli ni Sh5.40. VAT ya asilimia 16, ukiitoa kwenye bei hiyo, ni kama Sh25. Hii VAT ya mafuta ilikuwa asilimia 8 hadi Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoiongeza mara dufu. Halafu kuna ile inayotuhusu leo, ada ya matengenezo ya barabara: Sh25 kwa kila lita.

Jumlisha. Ni kama Sh77, na bado kuna ada nyingine ndogondogo sijazitaja.

Sasa mfikirie jamaa wa bodaboda pale steji. Amejaza petroli ya Sh300. Zaidi ya Sh120 si mafuta, ni ushuru. Jioni akimtumia mamake pesa kwa simu, ile ada ya kutuma nayo ina ushuru wa asilimia 15 ndani yake. Kwa hivyo siku utakaposikia mtu kwenye runinga akisema vijana hawalipi ushuru kwa sababu hawana kazi za ofisi, mwambie aje Salgaa asimame steji dakika tano.

Unakumbuka Juni 2024. Tulikataa Mswada wa Fedha, Juni 25 watu wakaingia Bungeni, wenzetu wakafa, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Wengi wetu tulirudi nyumbani tukijua angalau hapo tumepumua. Lakini Julai hiyohiyo, ada ya barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Haikuhitaji mswada wa fedha. Ilipitia wizarani.

Subiri, hatujafika mwisho. Mwaka wa 2025 serikali ilichukua Sh7 kati ya hizo Sh25 na kuziweka kama dhamana ili ipate Sh175 bilioni za kulipa wanakandarasi waliokuwa wanaidai. Kama hesabu za aina hii zinakuchanganya, fikiria mfugaji anayeuza leo maziwa ya miaka ijayo. Ng'ombe ni wako, nyasi unakata wewe, lakini kila asubuhi kuna kikombe ambacho tayari kina mwenyewe. Si uongo kwamba wanakandarasi walikuwa wanadai, na barabara nyingi zilikuwa zimekwama nusu. Lakini ukijaza tanki leo, sehemu ya pesa zako haijazi shimo la leo. Inalipa deni la lami ya jana.

Jina ambalo makanga hajalisahau

Kama umewahi kutoka Nairobi kuelekea Nakuru, umemsikia makanga akiita "Toll Station!" karibu na Gilgil. Umewahi kujiuliza jina hilo lilitoka wapi?

Hapo palikuwa na kituo cha kulipia barabara. Sheria ya ada hizo ilipitishwa mwaka wa 1984, na madereva wa wakati huo walisimama, wakalipa, wakapita. Miaka ya tisini mfumo ukabadilishwa. Badala ya kusimamisha magari barabarani, ikaonekana ni rahisi kukusanya pesa kwenye mafuta. Anayeendesha sana atachoma mafuta mengi, kwa hivyo atalipa zaidi. Hakuna foleni, hakuna kibanda. Sheria ya ada ya matengenezo ya barabara ikaja 1993, na vituo vikafa. Kilichobaki ni jina.

Yaani ile ada ya kwenye mafuta ilikuja kuchukua nafasi ya kituo. Sasa kituo kinarudi, na ada ya mafuta haiendi popote. Hapo ndipo swali la yule mzee linapouma.

Maana Novemba 28, 2025, Rais alizindua upanuzi wa barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, kama kilomita 175, pamoja na ile ya Rironi kupitia Mai Mahiu hadi Naivasha. Salgaa iko katikati ya safari hiyo, kati ya Nakuru na Mau Summit. Mkataba wa kwanza ulikuwa na kampuni za Ufaransa, ulitiwa saini 2020, baadaye ukavunjwa. Sasa wanaojenga ni kampuni za China, moja kati yao, CRBC, ikiwa imeungana na hazina yetu ya uzeeni, NSSF. Barabara inatarajiwa kukamilika 2027.

Ada iliyotangazwa ni Sh8 kwa kilomita kwa gari dogo, ikipanda kidogo kila mwaka. Piga hesabu mwenyewe: kilomita 175 mara nane ni Sh1,400. Kwenda tu. Ukirudi ni Sh2,800. Huenda huna gari, lakini kitunguu unachokula kina gari. Kiazi kutoka Molo kina gari. Matatu yako ina mwenyewe, na mwenyewe hatalipa kutoka mfukoni mwake.

Na kama umeajiriwa na unakatwa NSSF kila mwezi, basi wewe pia ni mwekezaji. Pesa zako za uzeeni ziko kwenye lami. Hilo si lazima liwe baya, mradi faida irudi kwenye akaunti yako. Ila hebu ona tulipofika: unatoa mtaji kupitia NSSF, unalipa ada kwenye mafuta, halafu unalipa tena ukipita.

Lakini barabara hii inaua

Hapa ndipo nilitaka kumaliza makala. Ningeandika "tunaibiwa", ungetuma kwa marafiki, tungelala. Lakini nilimsomea shangazi nilichoandika, akanyamaza kwa muda, akasema, "Umesahau wafu."

Kutoka Mau Summit kuja Salgaa ni mteremko mrefu. Unapita Sachangwan, unapita Migaa, na trela iliyobeba mzigo mzito inakuja nyuma yako kwa uzito wake wote. Januari 31, 2009, lori la mafuta lilianguka Sachangwan. Watu walikuja na mitungi na ndoo kuchota petroli, kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 110 walikufa. Mimi nilikuwa mtoto. Shangazi anakumbuka jinsi Salgaa ilivyokaa kimya, madereva wakiwa wameketi bila kuagiza chochote.

Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa alfajiri. Watu 36 hawakuuona mwaka mpya. Baada ya hapo ndipo serikali iliharakisha kutenganisha magari yanayopanda na yanayoteremka kwenye kipande hiki kwa vizuizi vya zege. Waulize watu wa hapa, watakuambia vile vizuizi vimeokoa maisha. Vililipiwa na nini? Na ushuru. Na pesa kama zile za boda.

Kwa miaka mingi polisi wamewalaumu madereva wa trela wanaoteremka huku gari likiwa free, injini haivuti, ili kuokoa mafuta. Breki zikichoka, hakuna wa kuwasaidia. Mimi siwatetei. Lakini fikiria: mafuta yakiwa ghali, kishawishi cha kuteremka hivyo kinazidi. Ushuru unaotakiwa kujenga barabara salama unaweza kumsukuma dereva kuendesha vibaya kwenye barabara hiyohiyo. Hili si jambo la kitabuni. Linatokea kilomita chache kutoka kwenye benchi la shangazi.

Kwa hivyo barabara pana naitaka. Wewe pia unaitaka. Swali ni nani atailipia, na hapo hakuna jibu la bure. Tulipoukataa ule Mswada wa 2024, bajeti ilibaki na pengo la Sh346 bilioni. Siku chache baadaye Rais alisema atapendekeza kupunguza matumizi kwa Sh177 bilioni na kukopa Sh169 bilioni. Yaani karibu nusu ya ushindi wetu iligeuka kuwa mkopo. Na mkopo ni nini kama si ushuru ambao bado hujapigiwa simu? Rais mwenyewe alisema wakati huo kwamba kati ya kila Sh100 za ushuru, Sh61 zinaenda kulipa madeni. Zinazobaki ndizo zigawanywe kwa walimu, dawa, polisi, kaunti na kila kitu kingine.

Ndiyo maana siwezi kukuambia "ushuru ushuke" nikaishia hapo. Ukishuka, kitu fulani kinakatwa au deni linaongezeka. Nitakuambia kitu kingine ambacho nimekiona kwa macho yangu.

Glavu, uzi na dawa ya maumivu

Mwaka jana binamu yangu alianguka na boda. Mguu ukavunjika. Tukamkimbiza hospitali moja ya umma, sitaitaja jina, kwa sababu hujui ni ngapi ziko hivyo. Wauguzi walikuwa watu wazuri, nakuapia. Lakini tuliandikiwa karatasi: nunueni glavu, nunueni uzi, nunueni dawa ya maumivu. Mashine ya picha haikuwa ikifanya kazi, kwa hivyo picha ikapigwa kwa mtu binafsi ng'ambo ya barabara. Tukachanga kwenye WhatsApp ya familia. Shangazi akatoa akiba yake.

Siku hiyo nilielewa kitu ambacho darasani hakikuwahi kuingia. Ushuru mkubwa unaweza kuvumilika. Kinachomaliza mtu ni kulipia kitu kimoja mara mbili. Unalipa ushuru wa hospitali, halafu unalipa duka la dawa. Unalipa ushuru wa polisi, halafu mtaa unachangia mlinzi. Unalipa ushuru wa maji, halafu unanunua mtungi. Unalipa ada ya barabara kwenye mafuta, halafu unalipa ukipita.

Chuo nilikiacha hivyohivyo. Mwaka wa pili karo ilinishinda, na kile kilichokuja kutoka serikalini hakikutosha. Nenda Denmark, ushuru unachukua zaidi ya asilimia 40 ya pato la nchi, wakati kwetu ni karibu asilimia 15. Ukimwambia Mkenya asilimia 40 atazirai. Lakini kule raia hulipi karo ya chuo kikuu cha umma, na serikali inakupa posho ya kila mwezi ukisoma. Hawalipi kidogo. Wanalipa mara moja.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Makueni si Ulaya. Ni kaunti kame, watu wake si matajiri. Mwaka wa 2016, chini ya gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilianzisha mpango ambapo familia ilijisajili kwa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila kutozwa tena mlangoni. Watu walitoa hizo soo tano. Kwa nini? Kwa sababu uliitoa pesa ukijua mlango gani utakufungukia. Hakuna aliyehitaji kutumiwa askari.

Sasa linganisha na barabara. Nairobi Expressway ilifunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, unalipa ukipanda juu. Lakini asiye na pesa anapita chini, kwa barabara ileile ya zamani. Ana chaguo, hata kama ni chaguo la msongamano. Mtu wa Salgaa akitaka kwenda Nakuru, chini ni wapi? Hilo si swali la kisiasa. Ni swali la mama anayepeleka mboga sokoni kila siku, na mtoto anayekimbizwa hospitalini saa nane usiku.

Maswali ya kubeba mfukoni

Najua unaniuliza, sasa tufanye nini, tuandamane tena? Huenda. Lakini kuna kitu kingine ambacho hakina gesi ya kutoa machozi.

Katiba, kifungu cha 201, inasema masuala ya pesa za umma lazima yaendeshwe kwa uwazi, kwa uwajibikaji na kwa kuwashirikisha wananchi, na kwamba mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2016 ya upatikanaji wa habari inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili. Ni barua tu, hata ya baruapepe. Wakikunyamazia, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoijua kama ofisi ya Ombudsman.

Uliza nini? Mimi nimeandika maswali haya kwenye simu. Ile ada ya Sh25 kwa lita, kiasi gani kimetumika Nakuru, kwenye barabara zipi? Kipande cha Salgaa kikianza kulipiwa, pesa za matengenezo zilizokuwa zinakuja hapa kutoka kwenye mafuta zitaenda wapi? Je, zitahamia zile barabara za ndani zinazogeuka matope Aprili, au zitayeyuka? Wanaoishi kando ya barabara na kuitumia kila siku watatozwa vipi? Mwenye pesa zake akisharudishiwa mtaji na faida, ada inaisha lini?

Nikijibiwa vizuri, nitalipa. Kweli nitalipa. Kama Sh8 kwa kilomita ndiyo bei ya kutosikia tena habari kama za Migaa, na ile ada ya mafuta inatengeneza barabara ya kijijini kwa shangazi ili maziwa yafike bila kumwagika, basi hiyo ni biashara ninayoielewa. Nisipojibiwa, hiyo Sh8 ni mlango wa pili kwenye nyumba ambayo nimeshalipa kodi.

Nikarudi Salgaa wikendi iliyofuata. Yule mzee hakuwepo. Huenda alikuwa Malaba kwenye foleni, au Kampala. Nikamsomea shangazi hesabu yote huku akikoroga chai.

Akainuka, akachukua kopo la zamani la Kimbo juu ya kabati. Ndani kulikuwa na risiti. Za leseni, za ada ya soko, za miaka na miaka, nyingine wino umefutika. Hajawahi kutupa hata moja.

"Mimi nimeweka zangu," akasema. "Waambie walete zao tulinganishe."

Kisha akanipa kikombe. Nikalipa thelathini, maana hata mimi simalizi biashara ya shangazi kwa undugu.